Waya wa Taa ya Njano

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo mara mbili, moja yako na moja umfikishie mkazamjomba, na usije ukadai ameipata kumbe umeitafuna njiani. Sisi huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, ukishapata joto anatembea na kugombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua ni mzima. Anauliza kama unakuja kumwona dada yako mwaka huu au unasubiri uandikiwe kadi ya mwaliko.

Ule mnara wa simu ulioanguka Januari bado umelala chini, ndiyo maana ninakuandikia kwa mkono kama watu wa zamani zako. Dereva wa gari la dawa anapita kwenu mara mbili kwa mwezi na amekubali kuwa tarishi wetu. Ana maneno mengi lakini mfuko wake haupotezi kitu.

Nimehamishwa. Sipo tena wodi ya wazazi, niko chumba cha watoto mahututi. Usiwaze chumba cha kwenye televisheni. Kilikuwa stoo ya magodoro, sasa kina vitanda vinne, dirisha moja, meza yangu, na katikati mashine moja ya kutengeneza oksijeni. Inavuta hewa hii hii tunayovuta sisi, inaichuja, inatoa oksijeni, na mirija minne inaigawa kwa watoto wanne. Nani apate nyingi na nani apunguziwe ninaamua mimi kwa kuzungusha vifundo. Kipima oksijeni cha kidoleni tunacho kimoja, tunagawana na chumba cha upasuaji. Kwa hiyo muda mwingi ninapima kwa macho: midomo, kucha, vifua vinavyobonyea. Nikirudi nyumbani bado nahesabu pumzi za watu. Juzi nimehesabu za Mama akanifukuza.

Sasa nisikuzungushe. Mashine imeanza kelele. Taa ya njano inawaka, inalia tii, tii, tii, kutwa. Lakini hewa inatoka, maji kwenye chupa yanatoa mapovu, na kigololi kwenye kioo cha kupimia kimepanda kama kawaida. Kila ikilia mama wanne wanasimama kwa pamoja na watoto wanaanza kulia, na mtoto mwenye nimonia akilia anamaliza pumzi aliyoiokoteza. Fundi wa mkoa tumemwandikia tangu Desemba. Wewe umetengeneza mashine za hospitali miaka thelathini na mbili. Nakutumia na kitabu chake, maandishi yake ni madogo kama sisimizi, nilijaribu kurasa mbili nikaona hiki kinakuhusu wewe. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako mwenye masikio yanayolia tii

---

15 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili zimefika, na yake mkazamjomba kaipokea huku akicheka. Sisi wazima. Kuku wawili wamepotea na mke wangu anamshuku jirani, mimi namshuku mke wangu, maana supu ya Jumapili ilikuwa nzito kuliko kawaida. Mwambie dada yangu nitakuja akiacha kugombana, yaani siji.

Nimefurahi umekumbuka kwamba nyumbani kuna fundi. Tangu nistaafu watu wananiletea pasi na redio, wamesahau kwamba mikono hii imefungua mashine za kulaza wagonjwa usingizi.

Kitabu nimekipata, nimekisoma. Kelele hiyo nimeisikia kwenye hospitali nane. Ni umeme wenu. Umeme ukiwa mdogo mashine inalalamika, basi, ni kama mzee, inafanya kazi huku inanung'unika. Chomoa plagi kwanza. Fungua kifuniko cha nyuma, skrubu nne. Utaona waya mwembamba unaotoka kwenye kibao cha taa. Uchomoe, uukunje, uufunge na plasta yenu ya vidonda. Kelele zitaisha na taa itazimika. Wewe angalia kigololi na mapovu. Kigololi kikiwa juu na maji yakitoa mapovu, mtoto anapata chake.

Usiogope kuifungua. Ulikuwa unafungua redio zangu ukiwa na miaka sita, na mbili zilipona.

Mjomba wako, fundi

---

9 Machi

Mjomba fundi,

Shikamoo. Kwanza kabisa, mikono yako ibarikiwe. Nimefungua, nimechomoa, nimefunga na plasta. Kimya. Mama mmoja alidhani mashine imekufa akapiga kelele yeye badala yake, lakini nikamwonyesha mapovu akatulia. Hata Daktari alipoingia alisimama mlangoni akauliza kuna nini leo. Nikamwambia ni mjomba wangu.

Mama mguu ni ule ule. Amekusikia kuhusu kugombana na amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya serikali.

Mbona mwandiko wako umekua? Karatasi nzima maneno hamsini. Au umeanza kutuandikia kama watoto wa darasa la kwanza?

Jana tumempokea binti wa miezi kumi na moja, kifua kimembana sana. Ni pacha, mwenzake wa kiume yuko nyumbani kwa bibi yao. Mama yao anasafisha madarasa kwenye shule ya hapa. Mtoto ukimsogelea anainamisha uso na kuangalia chini kwa pembeni, tumemwita Bibi Harusi. Nimempa kitanda cha kwanza, karibu na mashine, na mrija wenye nguvu. Naandika huku namwangalia. Kigololi kiko juu.

Mpwa wako

---

12 Machi

Mpwa,

Salamu baadaye. Rudisha ule waya. Ukiisoma barua hii umesimama, usikae, nenda karudishe.

Leo mwalimu, jirani yangu, alikuja kunisalimia, akakiokota kile kitabu mezani akaanza kukisoma kwa sauti. Mashine yako si kama zile nilizozizoea. Za zamani zililalamikia umeme tu. Hii ina kitu ndani kinachopima oksijeni yenyewe. Taa ya njano maana yake hewa inatoka lakini oksijeni imepungua. Kigololi kitapanda na mapovu yatatoka hata kama inayotoka ni hewa tupu. Mtoto atakuwa anavuta hewa ya chumba kwa mrija.

Nimekupigia simu mara sita, kila mara naambiwa hupatikani. Dereva ameondoka jana na atachelewa, wanasema mvua imekata daraja. Nimempa barua hii mtu wa pikipiki ampelekee kule alikokwama.

Rudisha waya. Taa ikiwaka, watoto watoe kwenye mashine, watafutie mtungi wa oksijeni. Nijibu siku hiyo hiyo.

Mjomba wako

---

5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 12 Machi nimeipata juzi, gari la dawa lilikaa ng'ambo ya daraja wiki tatu. Waya nimeurudisha. Taa inawaka njano. Tunatumia mtungi kwa anayezidiwa sana.

Mama mguu umepata nafuu kidogo. Amepewa dawa ya kuchua, inanuka nyumba nzima mpaka paka amehama. Binamu yako wa kazi ya useremala amemtengenezea kigoda cha kuwekea mguu, lakini seremala mwenyewe ndiye anayekikalia mchana kutwa. Mvua imebomoa ukuta wa choo, tumeujenga. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekubali. Nimenunua viatu vipya vya kazi, vinanibana. Mama anauliza kama kuku walipatikana.

Huku kazini kawaida.

Mpwa wako

---

20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Kuku hawakupatikana. Mke wangu hajambo. Mimi hivyo hivyo.

Umeniandikia mguu, paka, kigoda, choo, mahindi na viatu. Nimefurahi kwa vyote. Nilikulea nusu ya utoto wako, nakujua, ukivunja sahani ulikuwa unaanza kunisimulia habari za shule.

Bibi Harusi alitoka lini hospitali?

Mjomba wako

---

18 Mei

Mpwa,

Dereva amepita mara mbili mikono mitupu. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema hapana, unafika kazini mapema na kuondoka mwisho, ila siku hizi humtanii. Kisha akawasha gari akaenda zake.

Usipotaka kuniambia, sawa. Basi nianze mimi, maana nina langu ambalo nimelikalia.

Sikukisoma kile kitabu. Nilikuandikia nimekisoma, na ni uongo. Macho yangu yameingia ukungu tangu mwaka jana. Jicho la kulia naona mwanga na kivuli, la kushoto naona herufi kama ni kubwa kama hizi ninazoandika, ndiyo maana mwandiko umekua. Mke wangu hajui yote; barua zako ananisomea yeye, namwambia miwani imevunjika. Nilikishika kitabu chako, nikakisogeza dirishani, nikaona mistari ya kijivu tu. Ningeweza kumwita mwalimu siku ile ile. Nyumba yake iko hatua ishirini. Lakini mpwa wangu alikuwa ameniita fundi, na nilitaka kujibu kama fundi, haraka, bila kuuliza mtu. Nikajibu kwa kumbukumbu.

Naona aibu. Ni nzito kuliko nilivyotegemea, nimekaa nayo tangu Machi na kila gari likisimama barabarani natoka mlangoni.

Sasa niambie.

Mjomba wako

---

2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mengine ya nyumbani niyaache.

Bibi Harusi alifariki tarehe 10 Machi, siku moja baada ya barua yangu ile ya kukusifu.

Asubuhi alikuwa anahangaika. Kipima oksijeni kilikuwa chumba cha upasuaji, kulikuwa na mama anafanyiwa operesheni, nisingeweza kumnyang'anya. Nikaangalia kigololi, kiko juu. Mapovu, yapo. Saa tatu midomo ilianza kuwa na rangi ya majivu. Nikaongeza kifundo. Kigololi kikapanda zaidi, nikajiambia anapata zaidi. Mama yake aliniuliza, "Sista, mbona anazidi?" Nikamwambia, "Oksijeni anaipata, mama, tuipe muda." Nilimwonyesha mapovu kwa kidole. Saa saba ndipo nilipokimbilia mtungi, nao uko kwa wapasuaji umefungwa mnyororo, na ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo alikuwa amekwenda kula. Nilipouleta chumbani saa nane kasorobo alikuwa ameshanyamaza. Wale watatu wengine walivumilia, walikuwa na nguvu kidogo.

Kwenye faili niliandika nimonia kali. Ilikuwa nimonia kali. Sikujua kingine cha kuandika mpaka barua yako ilipofika Aprili. Nilimpelekea Daktari barua, akaisoma mara mbili. Akasema, "Yule mtoto alikuja amechoka, Sista, huwezi kujua." Ni kweli siwezi kujua. Akasema tusubiri fundi wa mkoa, tusianze kusambaza maneno. Nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Mashine ingekuwa inalia tii, ningekwenda kutafuta mtungi saa tatu.

Sikukuandikia kwa sababu nilikukasirikia, halafu nikajikasirikia kwamba nakukasirikia, maana mkono uliochomoa ni wangu na kitabu nilikigawa mwenyewe bila kukisoma. Kuhusu macho yako nimelia. Sijui nimelilia macho au nini.

Sasa sikiliza. Jana mama yule amerudi. Amemleta pacha wa kiume, kifua kile kile. Chumba kizima alikuwa anatafuta kitanda cha kwanza. Akaniambia, "Nilazie mwanangu pale pale, karibu na ile mashine. Najua mlihangaika na dada yake." Mtoto nimempa mtungi. Kipimo chake bila oksijeni kilikuwa themanini na nne, na chini ya tisini ni hatari. Mtungi nimeupiga hesabu, utaisha baada ya siku nne, na mwingine haujulikani utakuja lini. Ukiisha, ni mashine, na taa yake ni njano.

Mama anakaa miguuni pa mtoto na kunisimulia habari za shule anayosafisha. Anacheka na mimi. Anapocheka mimi natoka nje.

Dereva anasubiri hapa mlangoni. Anasema akiondoka sasa atarudi keshokutwa, ameapa.

Mpwa wako

---

3 Juni

Mpwa wangu,

Mkono huu ni wa mwalimu, mimi nasema yeye anaandika, na ameahidi kutorembesha. Kitabu tumekisoma chote, kuanzia jalada, mara mbili, mpaka sauti imemkauka. Mke wangu amekaa hapa pembeni. Kuhusu macho sasa anajua, na nimepata nilichostahili.

Mashine kwanza, kwa sababu mtoto anapumua sasa hivi.

Mtoto mwache kwenye mtungi. Mashine izime. Nyuma upande wa chini kuna mlango mdogo, ndani yake chujio la sifongo. Ulisema chumba kilikuwa stoo ya magodoro. Nina hakika utakuta limejaa manyoya ya magodoro. Lioshe kwa maji na sabuni, likauke kabisa, kabisa, unyevu ndio adui wa mashine hii. Kisha katika ile mirija minne toa mitatu, acha mmoja. Mashine iliyochoka ikitoa hewa nyingi oksijeni inakuwa hafifu, ukiipunguzia mzigo inakuwa nzito. Weka lita mbili, usizidishe. Washa bila mtoto, subiri nusu saa. Njano ikizimika na kijani kukaa, mwunganishie huyo mmoja, na kipima kikae kidoleni mwake, kisitoke. Waambie wapasuaji mjomba wako kipofu amesema. Njano ikibaki, usimweke. Mwambie Daktari aandike rufaa, na dereva huyu ambebe na mtungi wake.

Sasa mama yake.

Mwambie kabla hujamweka mtoto kwenye mashine, si baada. Akishajua aamue kama anataka. Mwambie aliyesema chomoa ni mimi, na kwamba nilisema nimesoma na sikuwa nimesoma. Usinifiche, na usijifiche nyuma yangu. Daktari akikukataza mwonyeshe barua hii, jina na anwani yangu vipo nyuma.

Mwalimu ameacha kuandika kidogo. Sasa ameendelea. Kitabu nakurudishia na dereva. Ni chako.

Mjomba wako

---

6 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na kwa mkazamjomba pia, na mwalimu nisalimie koo lake.

Dereva alitimiza kiapo. Chujio lilikuwa limevaa blanketi, nimetoa manyoya ya kujaza kiatu. Nimelianika juani saa tatu nzima nikilishika mkononi kama mtu anayekausha pesa. Nimeweka mrija mmoja, lita mbili. Taa ilikaa njano dakika kumi na nane, nilizihesabu, halafu ikawa kijani. Nikaiacha saa nzima badala ya nusu. Ikabaki kijani.

Kisha nikamwita mama. Daktari alisema anakuja na mimi, na alikuja, hilo nimwandikie kwa haki. Tulikaa kwenye benchi la nyuma ya maabara. Nilimwambia yote kwa mpangilio: taa, barua yako, waya, plasta, kigololi, saa tatu, saa saba. Nikamwambia sijui kama angepona, ila nilimwonyesha mapovu nikamwambia anapata, na hakuwa anapata. Barua yako nikamsomea. Hakulia. Alikuwa anakung'uta vumbi la chaki kwenye kanga yake, pale pale pamoja, hata lilipokuwa limeisha.

Kuna jambo sikukuandikia, Mjomba. Siku ile mtoto alipofariki, yule mama alinishika mikono miwili mbele ya watu wote akanishukuru. Alisema nimehangaika na mwanawe kama wangu. Nilipokea.

Jana, pale kwenye benchi, aliniuliza, "Siku ile nilikushukuru. Unakumbuka?"

Nikasema, "Nakumbuka."

"Naitaka asante yangu."

Daktari alitaka kusema kitu, mama akamnyooshea kiganja bila kumwangalia. Akaniambia tena, taratibu, "Nirudishie. Nilikupa nikiwa sijui."

Nikamwambia, "Chukua, mama. Haikuwa yangu."

Akainuka, akaenda kwa mtoto. Nilidhani atambeba waondoke. Akasimama mbele ya mashine muda mrefu, akaniuliza kijani ni nini na njano ni nini, nikamwonyesha kwenye kitabu. Akaniuliza kipima kinasomwaje. Nikamfundisha. Akasema, "Mweke."

Leo ni siku ya pili. Lile faili la Machi Daktari amelitoa, nimeandika ukurasa mpya na yeye ametia saini chini yangu, na nakala imekwenda mkoani. Sijui watanifanya nini. Mtoto amenyonya asubuhi mara mbili. Bado kifua kinabonyea, bado naogopa.

Mama anakaa upande ule wa kitanda, mimi upande huu. Habari za shule hanisimulii tena. Kila baada ya muda anauliza, "Ngapi?" Nasema tisini na tatu. Halafu ananyanyua mkono wa mtoto, anaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, anasoma mwenyewe.

Mpwa wako